Kipande Changu Kilichozikwa Arua

Tangu nirejee Midia, kila anayekuja kunijulia hali huuliza moja kati ya maswali mawili. Wanaume huuliza daktari alikata nini. Wanawake huuliza mtoto alikuwa wa nani. Nimeona ni afadhali niandike mara moja, kwa utaratibu, ili atakayeuliza tena apewe karatasi hizi azisome akiwa amekaa. Kwa kuwa jibu la swali la kwanza ndilo jibu la swali la pili, na halielezeki mtu akiwa amesimama mlangoni. Kwa ninyi mliomfariji mke wangu Zainabu kwa msiba wa mtoto ambaye hakuwahi kuzaliwa, natoa shukrani za dhati. Pole zenu zimepokewa, ingawa marehemu hayupo.

Habari za vyeti na mihuri nitaziruka. Hazikumponya mtu.

Kutoka Midia hadi Koboko, nyuma ya baiskeli

Mnakumbuka jinsi nilivyokuwa. Kwa miezi mingi upande wa kushoto wa tumbo, chini, ulinikata kama ulio na kisu ndani yake, na nilipokwenda haja zilitoka kamasi na damu. Zahanati ilinitibu amiba. Amiba ilipokataa kupona ilitibiwa tena kwa dawa ile ile, safari hii kwa hasira. Kisha nikatibiwa minyoo, kisha homa ya matumbo, kisha nikaambiwa niache maharage. Hatimaye daktari wa upasuaji kutoka Arua alipita Koboko, akanibonyeza tumbo, akaniuliza maswali machache, akasema nimfuate.

Nilihofia mambo mawili, na sitaficha kwamba la pili lilinisumbua karibu sawa na la kwanza. La kwanza ni kufa. La pili ni kukosa kusimama tena mbele ya safu katika msikiti wetu. Katika suala la mtu asiyeweza kuzuia kinachomtoka, wanavyuoni wamehitilafiana: wako wanaomruhusu kuwaswalisha walio wazima, na wako wanaomkataza. Mimi, kwa miaka yote tangu nirudi kutoka chuoni pwani, nilishika kauli ya wanaokataza, na niliifundisha kwa ukali wa mtu mwenye tumbo zima.

Aliyenichukua ni shemeji yangu, Sajini Ramadhani, kaka yake Zainabu. Alikuwa askari hadi serikali ilipoanguka mwaka wa 1979, akavuka pamoja nasi kwenda Zaire, akarudi pamoja nasi. Jeshi lilikwisha, usajini haukwisha. Amri huitekeleza kwanza, kisha huifikiria, kama itabaki nafasi. Alinifungia mto kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akanitazama kama anayekagua mzigo.

"Mwalimu, shika mimi kiuno. Ukianguka, mimi ndio nitapeleka ripoti kwa dada yangu, na yeye hasomi ripoti."

Tulikwenda polepole, kwa kuwa kila kichaka cha haja kilikuwa kituo. Kwenye kituo kimojawapo wanawake waliokuwa wakipalilia karanga walisimama wakatutazama.

"Huyo iko na nini?" akauliza mmoja.

"Tumbo," akasema Sajini.

"Mupe majani ya mapera."

"Amekula."

"Mupe tena."

Mama mmoja alileta mhogo wa kuchemsha, bado wa moto, akanipa kwa mikono miwili. Nilimweleza kwa heshima zote kwamba daktari amenizuia vyakula vizito. Akaurudisha mhogo kifuani kana kwamba nimemtukana mwanawe.

"Daktari gani anakataza mhogo? Yeye anakula nini?"

Sajini alikula mhogo ule kwa niaba yangu, amani ikarudi, tukaendelea.

Kutoka Koboko hadi Arua, juu ya magunia

Sokoni Koboko tulipata lori lililokuwa limetoka Oraba, mpakani, na shehena ya kahawa. Mwenyewe ni Papa Deo, Mkongo ambaye wengi wenu mnamjua, mtu mnene mwenye sauti laini. Aliponiona nilivyokonda, macho yakanizama na midomo ikapauka, uso wake uling'aa. Nilidhani ni huruma. Ilikuwa ni hesabu ya vizuizi vya barabarani.

"Mwalimu, weye lala juu ya magunia," alisema. "Usiseme kitu. Miye nitasema."

Kwenye kizuizi cha kwanza nilimsikia akimwambia askari, kwa sauti ya mfiwa, "Chef, niko na mutu ya kufa huku juu. Ugonjwa yake inatoka na damu, na inaruka kwa batu. Kama unataka kupanda, panda."

Askari akarudi nyuma. Hapo nikainuka. Haiwezekani mtu asikie habari zake zikisemwa kwa makosa naye anyamaze.

"Samahani, afande," nikasema. "Kwa kadiri daktari alivyonieleza, sijafikia hatua ya kufa, wala hakuna dalili kwamba maradhi yangu yanaambukiza."

Askari akasogea tena karibu na lori. "Huyu mtu ya kufa anaongea kama redio," akasema, kisha akaagiza magunia yote yateremshwe.

Kazi ya kuyateremsha na kuyapandisha ilikula asubuhi nzima. Papa Deo hakunigombeza. Aliketi kivulini mwa lori, akafuta jasho, akasema kwa upole ulioniumiza kuliko matusi, "Ukweli yako ni nzito, Mwalimu. Iko na magunia mingi."

Kwa hiyo kwenye kizuizi cha pili nilifumba macho. Nilijadiliana na nafsi yangu, tukakubaliana kwamba kufumba macho si kusema uongo, kwani hata mzima hufumba. Papa Deo alianza upya ule wimbo wake wa mutu ya kufa, askari wakaanza kurudi nyuma, na mambo yote yalikuwa yakienda vizuri hadi tumbo langu liliposhikwa. Maradhi haya hayana subira. Marehemu mtarajiwa aliruka kutoka juu ya lori bila msaada, akapita katikati ya askari, akakimbilia kwenye majani marefu huku ameshika kanzu.

Kutoka majanini niliwasikia wakicheka hata bunduki zikagongana. "Maiti inakimbia," mmoja alikuwa akisema. "Wacheni ipite. Wacheni lori ipite na maiti yake."

Tulipita bila gunia moja kushushwa, na Papa Deo alinisamehe.

Mbele kidogo gurudumu likapasuka. Wakati linazibwa, Papa Deo alitoa samaki wa kukaanga na ndizi, akawagawia wote isipokuwa mimi, nami nikanywa uji wangu wa chupa nikiwatazama. Sajini alikuwa akitafuna kwa mawazo. Kisha akauliza:

"Mwalimu. Daktari akikata kipande, ile kipande inaenda wapi?"

Nilimjibu kwa ukamilifu, kwa sababu nafasi ilikuwepo na gurudumu lilikuwa bado. Nilieleza kwamba kinachotengwa na mwili wa Muislamu aliye hai kina heshima yake: hufungwa katika kitambaa safi, huzikwa, wala hakiswaliwi, kwa kuwa mwenyewe yu hai na swala ya jeneza ni ya wafu. Nilitaja tofauti za kauli, na nikaonyesha ipi yenye nguvu.

"Ndiyo, Mwalimu," akasema Sajini, akatema mwiba.

Mimi nilidhani ninafundisha. Yeye alikuwa anapokea amri.

Arua, kitanda cha dirishani

Daktari Ezati, yule aliyenibonyeza tumbo Koboko, ni Mlugbara, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu akachora kwa kidole juu ya shuka.

"Utumbo mpana unashuka hivi. Ubaya iko hapa chini. Nitafungua, nitaona. Sehemu mbaya nitatoa. Lakini sitaunga siku ile. Mdomo ya utumbo nitaitoa hapa ubavuni, na choo itapita hapo."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka nijue ugonjwa ni nini. Kipande lazima iende Kampala. Huko iko daktari anasoma nyama kwa darubini. Akisema si kansa, na akisema kingo ni safi, nitafungua tena niunge. Akisema kansa, tutakata zaidi, na mlango itabaki ubavuni maisha yote. Bila Kampala mimi siungi, Mwalimu. Nikiunga utumbo mgonjwa itapasuka ndani na utakufa."

Basi mambo yangu yote mawili, uhai na safu ya mbele, yalikuwa ndani ya kipande ambacho bado kilikuwa tumboni mwangu.

Upasuaji sikuuona. Nilipozinduka, ubavu wangu ulikuwa na mlango mpya, mwekundu na mnyevu, uliofunikwa kwa kitambaa na mfuko wa nailoni. Kitanda cha jirani alilala Andama, katekista wa Kikatoliki aliyekuja kushonwa ngiri. Alikuwa amesubiri kwa hamu niamke apate mtu wa kuzungumza naye.

"Pole, jirani," alisema. "Wamekujengea mlango ya pembeni. Wageni watapita wapi sasa?"

Nilitaka kucheka, mshono ukakataa.

Yaliyotokea wakati nimelala niliyajua baadaye, lakini nayaweka mahali pake. Mnajua desturi ya hospitali zetu: muuguzi huhudumia mgonjwa, na mengine yote ni ya jamaa. Jamaa hupika, hufua, huchota maji, na kipimo kikitakiwa kwenda mahali, jamaa ndiye hukipeleka. Sista Candiru alitoka chumba cha upasuaji na chupa ya mdomo mpana, akamkabidhi Sajini.

"Hii ni ya Mwalimu. Usifungue. Dawa ya ndani ni kali, na ikimwagika nyama inaoza. Tafuta mtu ya kwenda Kampala."

"Ndiyo, Sista."

Jioni ile akamuuliza kama chupa imekwenda. Sajini akajibu, "Iko mahali pake," na muuguzi mwenye wodi nzima mgongoni akaridhika.

Wiki zikapita. Nilijifunza kuosha mlango wangu na kubadilisha kitambaa. Kwa kuwa kilichotoka ubavuni sikuwa na uwezo wa kukizuia, niliswali kwa hukumu ya mwenye udhuru wa kudumu, ambaye udhu wake hauvunjwi na kinachomtoka bila hiari katika wakati wa swala ile. Daktari Ezati alikwenda mara kwa mara kwenye redio ya hospitali akaita Kampala, na kila mara akarudi akitikisa kichwa. Kampala hawakuwa wamepokea kitu. Tulimlaumu mchukuzi, ambaye hatukumjua. Sajini alikuwa akinichotea maji na kupika uji, ametulia kama mtu aliyemaliza kazi yake.

Zainabu anawasili bila kuitwa

Siku moja, mchana, Zainabu aliingia wodini. Alikuwa amepanda lori la Papa Deo, na vumbi la Koboko lilikuwa bado kwenye mtandio wake. Aliweka sufuria chini. Hakunisalimu.

"Mama yake iko wapi?"

"Mama ya nani?" nikauliza.

"Ya mtoto."

Nilidhani homa imempata njiani. "Zainabu, kaa kwanza."

"Nimekaa, Mwalimu. Nimekaa siku nyingi, chini, kwa mkeka. Wanawake wa Koboko wamekuja Midia kwa mguu kunipa pole. Wanalia, mimi nawapikia chai. Nauliza, pole ya nini? Wanasema, ya mtoto ya Mwalimu, ile alizikwa Arua. Mtoto mdogo sana, wanasema, amefungwa kwa sanda nyeupe, ndogo hivi." Akaonyesha kwa mikono. "Mimi nimelia na wao. Ningefanya nini? Wamekuja mbali."

"Hakuna mtoto."

"Batu wawili ya soko wameona kaburi. Waliuliza, hii ni ya nani? Wakajibiwa, ni ya Mwalimu wa Midia. Sasa kama si mtoto, ulizika nini? Kuku?"

Aliyekuwa akikohoa wodini aliacha. Andama, kwa nia njema, alijaribu kunitetea.

"Mama, huyu bwana haitoki kitandani. Mimi shahidi."

"Baba, asante," alisema Zainabu bila kumgeukia. "Mtoto anatengenezwa kabla ya hospitali."

Andama akajifunika shuka.

Nilianza kuapa, na nilikuwa katikati ya kiapo Sajini alipoingia na mtungi wa maji. Alimwona dada yake, akaweka mtungi chini, akasimama wima.

"Walisema waliomba dua na askari mmoja mrefu," alisema Zainabu polepole, akimtazama. "Ramadhani. Wewe ndio ulizika?"

"Ndiyo, dada."

"Ulizika nini?"

"Utumbo."

"Utumbo ya nani?"

"Ya Mwalimu." Akanielekezea kidole, kama shahidi mahakamani. "Yeye mwenyewe alifundisha, pale tulipopasua gurudumu. Kipande ya Muislamu inafungwa, inazikwa, haiswaliwi. Sista anasema ipande basi na kuku mpaka Kampala, batu wasiojulikana waikate tena. Nikasema hapana. Nilinunua kitambaa safi. Nilichimba vizuri. Batu walipita, wakaomba dua, sikuwakataza, dua ni dua. Lakini hatukuswali."

Hapo nikaelewa jinsi mtu anavyoweza kuangamizwa na darasa lake mwenyewe. Nilimtazama mwanafunzi bora kuliko wote niliowahi kupata, na sikupata hata kosa moja la kumsahihisha.

Zainabu alikaa kitandani, karibu na miguu yangu. Mabega yake yalianza kutikisika. Nilidhani analia, nikamgusa mkono. Alikuwa amejiziba mdomo kwa mtandio, machozi yanamtoka, na kila alipotaka kusema alimwona kaka yake amesimama wima, akaanza upya.

Mtu mmoja tu hakucheka. Daktari Ezati alikuwa amesimama mlangoni, amesikia.

"Sajini," aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Ulizika na chupa, au bila chupa?"

Kicheko cha Zainabu kikakatika. Sote tulielewa wakati mmoja. Nyama iliyolala udongoni wiki zote zile bila dawa haiwezi kusomwa na mtu yeyote. Bila kusomwa hakuna kuungwa. Ningebaki na mlango wangu, na kama ndani kulikuwa na kansa, hakuna ambaye angeijua hadi inimalize.

"Na chupa, Daktari," akasema Sajini. "Sista alisema usifungue. Mwalimu alisema zika. Nilifanya yote mbili."

Daktari alivua miwani, akaipangusa kwa koti lake, akaivaa tena. "Hii ndiyo faida ya jeshi," akasema. "Chimba."

Lakini Sajini hakutikisika. "Kuzikua ni jambo kubwa. Nitachimba kama Mwalimu atatoa fatwa."

Katika suala la kufukua kilichozikwa kuna maneno mengi, na yote ninayajua. Lakini kufukua kwa dharura ya aliye hai kuna ruhusa, na siku ile sikuona haja ya kutaja tofauti za kauli. Nilitoa fatwa fupi kuliko zote za maisha yangu.

"Chimba," nikasema.

Kutoka makaburini hadi Kampala, bila mimi

Sehemu hii sikuisafiri mimi, bali kipande changu. Naisimulia kwa riwaya ya Zainabu, ambaye alisisitiza kwenda makaburini aone kwa macho yake.

Sajini alichimba. Bunda likatoka, kitambaa kimegeuka rangi ya udongo, na ndani yake chupa imefungwa vilevile. Zainabu aliichukua, akaiinua kwenye mwanga wa jua, akaichunguza kwa muda mrefu pande zote.

"Haifanani na wewe," aliniambia aliporudi. Naamini hapo ndipo aliponisamehe kosa ambalo sikulifanya.

Kwa bahati mbaya wanawake wa Arua walikuwa wakipita njiani wakiwa na kuni. Waliona kaburi la mtoto likifukuliwa mchana kweupe, na mama mtu amesimama kando, anatabasamu. Mmoja wao alishusha kuni akauliza kulikoni.

"Mtoto anaenda Kampala," akajibu Zainabu. "Anaenda kusoma."

Kwa wale walioniuliza ni shule gani, jibu ndilo hilo, na aliyelitoa mnaye hapo Midia, mkamuulize yeye.

Papa Deo alikuwa akielekea Kampala kufuata sabuni na mabati. Alikubali kubeba chupa mbele, kwenye kiti, kati yake na mlango. Aliporudi alikuja wodini mwenyewe kutoa taarifa, amevaa shati safi kwa heshima ya tukio.

"Pale darajani, kabla ya kuvuka maji, chef mmoja aliuliza, hii kitu ni nini? Nikamwambia, ni mwalimu. Akaangalia. Akasema, mwalimu gani? Nikasema, ya Midia. Hakuuliza tena." Akanipiga bega kwa upole. "Weye iko abiria muzuri sana ukiwa ndani ya chupa, Mwalimu. Hausemi."

Hivyo sehemu yangu imeivuka Naili na kuiona Kampala. Mimi mwenyewe nilikuwa bado kitandani.

Arua, kati ya mlango mmoja na mwingine

Majibu yalikuja kwa redio ya hospitali, ambayo haina siri. Kampala ilisikika vibaya, na Daktari Ezati alilazimika kurudia kila neno kwa sauti kubwa ili kuhakikisha. "Si kansa. Narudia, si kansa. Vena. Ndiyo, vena. Narudia, vena za utumbo." Dirisha la chumba cha redio linatazama uani, ambako jamaa wa wagonjwa hupika. Habari ilifika kitandani kwangu kabla ya Daktari, imebebwa na Andama, aliyekuwa ameanza kutembea.

"Jirani, wewe iko na Vena," alisema. "Sijui ni nani, lakini si kansa."

Maradhi yenyewe, kwa kadiri nilivyoelewa baada ya kumwomba Daktari ayaeleze upya, ni haya. Utumbo hupokea damu kwa mishipa mingine na huirudisha moyoni kwa mingine, na hiyo ya kurudishia ndiyo vena. Kwangu, katika kipande kile tu, kuta za vena zilinenepa kwa ndani hadi njia ikabaki tundu la sindano. Damu iliingia isipate pa kutokea. Utumbo ukavimba, ukachubuka, ukavuja. Kwa nje hali hiyo inafanana mno na kuhara damu, ndiyo maana niliimeza dawa ya amiba kwa miezi mingi bila faida; hakuna kidonge kinachozibua vena hizo, na tiba yake ni kisu. Chanzo chake hakijulikani. Daktari wa Kampala mwenyewe hakuwa amewahi kuuona ugonjwa huu, aliujua kwa kusoma tu, na ilibidi amwite mwenzake aangalie pamoja naye. Hauna jina katika lugha yetu, na katika lugha ya madaktari jina lake ni refu kuliko kipande chenyewe.

Kingo za kipande zilikuwa safi. Daktari Ezati alinifungua tena, akaunga ncha mbili za utumbo, akauziba mlango wa ubavuni.

Baada ya hapo ilibaki kungoja, na kungoja huku sikukutarajia. Sikuruhusiwa kula wala kunywa. Utumbo ulioungwa hulala, na hakuna ajuaye kama utaamka, wala kama maungio yatashika, hadi itokee ishara moja. Kila asubuhi Sista Candiru alisimama miguuni pangu na sinia yake akauliza, mbele ya wodi nzima:

"Mwalimu, umejamba?"

Katika umri wangu wote hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo akitumaini jibu la ndiyo.

"Bado, Sista."

"Jaribu."

Tumbo lilianza kujaa, likakaza kama ngoma iliyoanikwa. Zainabu alinitembeza kwenye ujia, mkono wake chini ya kwapa langu. Andama alisali rozari kwa nia yangu, na alinihakikishia kwamba amemweleza Bikira waziwazi kinachohitajika. Sajini aliniambia jeshini walikuwa wanafanya kwa amri, lakini hakupata wa kuitoa. Wagonjwa waliokuwa hawanijui walinisalimu kwa kuuliza, na kwenda zao wakiwa na huzuni.

Kisha asubuhi moja Daktari Ezati alinigonga tumbo kwa kidole, akasikiliza kwa chombo chake muda mrefu, wala hakutania.

"Kesho, Mwalimu. Kama hakuna kitu mpaka kesho, narudi ndani. Labda maungio imeziba, labda inavuja. Nikirudi, mlango itakuwa tena ubavuni, na sidhani utumbo huu utakubali kuungwa mara ya tatu."

Zainabu alikuwa amesimama nyuma yake. Alikwenda dirishani akakunja shuka ambayo ilikuwa imekunjwa.

Alasiri ilipofika nilitawadha kwa maji kidogo, nikageuka kibla nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, kwa kuwa mshono haukuniruhusu kusimama. Tundu la ubavuni lilikuwa limekwisha kuzibwa na udhuru wangu ulikuwa umeondoka. Niliswali kwa hukumu ya watu wote. Rakaa ya kwanza ilipita. Katika rukuu ya rakaa ya pili niliinama, mapaja yakalibana tumbo, na kitu kikageuka ndani, mbali, kikashuka polepole kwa njia ambayo hakikuwa kimeipita tangu Daktari aikate.

Haukuwa upepo wa siri. Andama aliyekuwa kitandani pake alisema baadaye kwamba alidhani kiti kimevunjika.

Kwa hukumu ninayoifundisha, swala yangu ilibatilika papo hapo. Nimewaambia wanafunzi wengi kwamba yanapomfika hayo mwenye kuswali, na ajitoe kimya, ameinamisha kichwa kwa haya. Mimi nilibaki nimeinama hivyo hivyo, nashindwa kuinuka kwa furaha, na ukaja wa pili.

"Asante Yesu," alisema Andama.

Kutoka kitanda cha mwisho mtu alianza kupiga makofi, wengine wakafuata. Sista Candiru alikuja mbio na sinia mkononi. Sajini, mlangoni, alikuwa amepiga saluti.

Kwa wiki zote za mlango wa pembeni nilikuwa nimeswali kwa udhu wa ruhusa, udhu ambao kinachonitoka hakikuweza kuuvunja. Sasa ulikuwa umevunjika barabara, kama unavyovunjika wa mtu yeyote kati yenu, na wa yeyote asimamaye mbele ya safu.

Zainabu alikwisha fika na birika. Alipiga magoti mbele yangu, akavuta beseni kwa mguu.

"Imevunjika?" akauliza.

"Imevunjika."

"Haya. Leta mikono."

Akamimina maji, nami nikaanza udhu upya.